Lumbesa za Mama Mdogo

Kijiji cha Msimbu,
Kisarawe.
16 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Adrian,

Marahaba, maana najua ungeanza wewe kunisalimu. Hamjambo huko Mpanda? Wifi yangu Vailet na watoto wanaendeleaje? Na kile kikohozi chako, kimepona au bado unajitibu kwa tangawizi peke yake? Sisi tu wazima. Shemeji yako Hilario goti linamsumbua, lakini shambani anakwenda.

Masika imekuwa nzuri. Mihogo imekubali, na machungwa yameanza kutia rangi.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nitalia na hutaelewa kitu. Ni habari ya mama mdogo Stellamaris. Usishtuke, afya yake ni njema. Nataka tu uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa watu wa Mlandizi.

Unajua wakulima wa huku walinichagua niwe msemaji wa chama chetu. Kilio chetu kikubwa kilikuwa lumbesa. Umelima hapa, unakumbuka: mchuuzi analijaza gunia, kisha analishonea kilemba cha kamba juu, mihogo inapanda mpaka gunia linaota shingo na kichwa, na bado analipa gunia moja. Sheria inakataza, ila hapakuwa na wa kuisimamia. Tukazunguka vijijini mpaka Vihingo, tukakubaliana tuseme kwa sauti moja, na diwani akatutafutia nafasi mbele ya kamati ya halmashauri.

Mwenyekiti wetu, mzee Jumbe, alinisihi niende na mifano, kwa kuwa wakubwa wamechoka kusikia malalamiko matupu. Nikaulizwa lumbesa hizo zinapita wapi. Nikaeleza kwamba gari linapakia Msimbu alfajiri ya Ijumaa na kushusha sokoni Mlandizi. Sikutaja jina la mtu. Lakini Adrian, wewe na mimi tunajua nani hupakia Msimbu siku ya Ijumaa.

Kamati ilikubali. Tukaambiwa ukaguzi utaanza wiki ile ile, tusiutangaze.

Alhamisi mama mdogo akaja kununua mihogo, akalala kwangu kama kawaida yake. Nilimpikia kisamvu, tukacheka, nikanyamaza. Nilijiambia kwamba nikimwonya, wanachama watasema nimemuuzia ndugu yangu siri yao. Na kweli wangesema. Ila kweli nyingine ni kwamba niliogopa kumwambia usoni kuwa nimekwenda kuisemea vibaya biashara iliyotulea. Tulipofiwa na mama, sare zako zilitoka kwenye magunia hayo hayo.

Kesho yake alisimamishwa kwenye geti la ushuru wa mazao. Mzigo wote ukashushwa, ukakaa juani kusubiri utaratibu, na unaijua mihogo mibichi, haisubiri mtu. Ilipoachiwa ilikuwa imeshaingia weusi. Mtaji wake ukaishia pale.

Nilimfuata Mlandizi kumwomba radhi. Nilimkuta anafua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakamua nguo aliyokuwa nayo mkononi, ndipo akasema:

"Ulichowaambia ni kweli. Vilemba vile nimevishona mwenyewe, najua nilikuwa nawanyonya watu. Lakini tulikula sahani moja, mwanangu. Ungeniambia tu, 'Mama, kesho usipakie.'"

Nilimsaidia kuanika nguo, nikarudi Msimbu.

Siku hizi huku mihogo inapimwa kwa mizani, na watu wananishukuru hata kanisani. Kila shukrani inanichoma. Mama mdogo ameacha uchuuzi, analima kile kishamba chake cha Janga.

Jumapili iliyopita vyama vyetu vya Kisarawe na Kibaha vilikutana huko Janga kuchagua mtu mmoja wa kuvisemea vyote kuhusu ushuru wa mazao. Nilimwona amekaa nyuma, na kanga yake ya kijani. Kumbe amejiunga. Jina langu lilipotajwa nilitaka kulikataa, lakini kabla sijasimama, mkono wake ulikuwa umeshanyooka juu, wa kwanza. Wengine wakafuata.

Watu walipotawanyika nilimkimbilia. Hakunipa nafasi ya kusema. Aliniambia, kwa upole kabisa, "Huko uendako uwaeleze na barabara ya Janga. Mvua ikinyesha mazao yetu hayatoki, mwakilishi."

Mwakilishi. Tangu nizaliwe ananiita mwanangu.

Mdogo wangu, mpigie simu. Usinitetee wala usinisemee, msikilize tu. Mimi nitakwenda kuisemea barabara hiyo, kwa kuwa amenituma, na nitarudi kwake kumpa majibu kabla sijampa mtu mwingine yeyote.

Hilario anakusalimu. Mjomba Deogratias anauliza utakuja lini. Wabusu watoto, na umwambie Vailet mbegu za bamia nimemhifadhia. Mungu awalinde mtokapo na mrudipo nyumbani.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Yasinta