Mjomba Badala ya Baba

Mjukuu wangu Zainabu,

Marahaba, shikamoo yako imefika Matombo. Bibi yako mguu umepona, anapalilia tena. Unauliza kama nami niliwahi kuomba kupelekwa kusoma Ulaya. Niliomba, wakati wa Mjerumani, kwa sababu mwalimu alitaka nami niliona haya kukataa. Fomu ilitaka ridhaa ya baba. Kijerumani nilikisoma vizuri, ila nikampeleka mjomba, maana kwetu Waluguru mtoto ni wa mjomba.

"Nimesema baba!" mwalimu akafoka, akaichana.

Njiani nikajikuta napiga mluzi. Mjomba akacheka: "Kumbe ulijua! Si ungesema tu hutaki?"

Sijamwambia mwingine hadi leo. Fomu yako ukiipenda, ijaze. Usipoipenda na ukaona haya, waambie babu kakataza.

Babu yako