Nimeisingizia Mithali Mstari wa Rap

Bi Mwanamkasi mpendwa, pokea salamu za Mtopanga na unisaidie mawazo, maana jambo hili siwezi kumwambia mtu hapa, mimi ni mjane wa miaka sitini na miwili, mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu, na napenda rap. Wala sikuombi uniponye, huu si ugonjwa. Ilianza jikoni, nakanda unga wa mahamri ya kuuza, redio ikatoka kwenye taarabu ikaingia kwenye kelele za vijana, na mikono imejaa unga siwezi kuizima, basi nikasikiliza kwa hasira, nikamsikia kijana akieleza vibarua wanavyofungiwa mlango kiwandani hadi idadi ya nguo itimie, na mimi nimeshona suruali kiwandani miaka kumi na tisa, nikajua huyu hakubuni, huyu amesimuliwa na mamake. Tangu siku hiyo rap ikianza redio siizimi.

Sasa jirani yangu Fidel, anayeosha magari Magogoni, ana wimbo wake wa maji, na mstari mmoja unasema, "Mfereji wa maskini hukohoa, wa tajiri huimba," na wewe waijua mifereji ya huku, unafungua inatoa upepo siku nne, mstari ule ukanikaa kichwani hata siku ya maombi nikausema mbele ya akina mama, wakaitikia Amina, na Roseline, mke wa mchungaji, akauliza, "Mstari huo wa wapi, mwenyekiti?" Ulimi ukateleza, nikasema wa Mithali. Akauandika. Wameamua uchapishwe kwenye leso za sherehe yetu, doti sitini, na neno Mithali chini yake, na Roseline kila tukionana anataka sura na aya, nami namwambia miwani yangu imevunjika. Kibaya zaidi, wiki mbili nyuma kamati ilikaa ikamkataza Fidel kuimba kwenye uwanja wa kanisa, ati anaimba uhuni, na mkono wangu ulikuwa juu pamoja na ya wenzangu. Jana kaniamkia, "Shikamoo mama," akanibebea mtungi wa maji hadi mlangoni, nikakosa pa kuuweka uso. Nikisema ukweli nitavuliwa uenyekiti na nitachekwa hadi Junda, nikinyamaza leso zinaenda kuchapishwa Jumatatu. Nifanyeje?

Jumwa, Mtopanga

Mama Jumwa, umenichekesha, kisha umeniudhi.

Kwa kupenda rap usiniombe radhi. Sisi huku pwani tumelelewa na mashairi ya kujibizana na mafumbo ya leso, tunasemana hadi kwa nguo tulizojifunga. Kijana akisema waziwazi kwamba maji hayatoki, uhuni uko wapi hapo? Umeisikiliza redio ukalitambua jasho lako mwenyewe ndani yake. Hayo ni masikio mazima, shukuru Mungu.

Ila ulimi kuteleza ni jambo moja, na mkono kuinuka ni jingine. La kwanza humpata kila mtu. La pili ulilifanya macho makavu. Kumnyima mtoto wa watu uwanja, huku maneno yake unampa Sulemani, hiyo ni dhuluma, mama. Na hiyo miwani iache, hakuna anayeamini, hata Roseline ni heshima tu inamzuia.

Anza na Fidel, leo. Mfuate pale anapoosha magari, usimwite kwako, maana mwenye kosa ndiye anayekwenda. Mwambie mkono uliuinua na mstari wake umeutumia, umuombe radhi, kisha umuulize kama anaridhia uchapishwe. Akikataa, leso zitafutiwe msemo mwingine, maneno hayajaisha duniani. Akikubali, nenda moja kwa moja kwa Roseline kabla ya hiyo Jumatatu, Mithali itolewe, liwekwe jina la mwenyewe.

Halafu urudi kwenye kamati. Sema umebadili kauli juu ya uwanja, sema na sababu, na usiseme kwa kunong'ona. Uenyekiti wakiuchukua, wauchukue, hukuzaliwa nao. Lakini wakumbushe kwamba akina mama waliitikia Amina kabla hujaitaja Mithali. Waulize walikuwa wanaitikia nini, kisha keti, uwaache wajibu.