Komeo la Alistidia

Muleba,
Agosti.

Mdogo wangu mpendwa Johnson,

Pokea salamu za dada yako kutoka nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mkeo Joanitha amepata nafuu ya mgongo, na wadogo wanakwenda shule bila kusukumwa. Sisi huku ni wazima. Goti langu la kushoto hulalamika mvua inapokaribia, lakini halijanizuia kwenda kanisani wala shambani. Kahawa imeiva vizuri mwaka huu. Imeanikwa uani mpaka karibu na mlango, na kuku wananiudhi kwa kuiparura. Migomba ile ya upande wa kaburi la baba imebeba mikungu mizito, hata nimelazimika kuikatia miti ya kuiegemeza.

Ujumbe wako wa simu niliupata. Sikuujibu kwa simu kwa sababu jambo kama hilo halizungumzwi kwa maneno yaliyokatwa mikia, na pia kwa sababu uliuanza bila salamu. Uliniagiza nizikusanye karata zote za binti yako Alistidia, nizichome moto, kisha nimpandishe meli aje Mwanza akae mbele ya macho yako mpaka chuo kifunguliwe. Ulisema umesikia kwamba mwanao, badala ya kutulia kwa shangazi yake baada ya mtihani wa kidato cha sita, hushinda Jumapili nzima katika duka moja pale Miembeni, Bukoba, akicheza karata na wanaume. Ukanikumbusha kwamba baba yetu hakuruhusu karata zivuke kizingiti chake. Hilo ni kweli, na mtoto ni wako. Nilikusudia kukutii.

Lakini unanijua. Kwa miaka yote niliyofundisha sikuwahi kusahihisha karatasi ambayo sijaisoma. Kabla ya kuwasha moto nilikwenda kuona.

Duka lenyewe ni la Krupa, mjane wa Pradip, yule aliyekuwa akituuzia vitambaa vya sare. Familia yao ni miongoni mwa zile chache za Kihindi zilizobaki mjini. Alinisalimu kwa Kihaya ambacho watoto wako hawakifikii, akaniuliza kama nimekuja kununua kitambaa au kukamata wahalifu. Nilimjibu kwamba itategemea nitakachokikuta. Alicheka, akanipa chai ya tangawizi na kunikalisha katika chumba cha nyuma, kati ya majora ya vitambaa, mahali vijana wanapochezea.

Niseme kwanza kile ambacho sikukiona. Sikuona kamari, sikuona pombe, wala sikusikia tusi. Nilikuta wasichana na wavulana wameketi wawili wawili, wameinama kama watu walio katika mtihani. Karata zenyewe si zile tunazozijua. Bhavik, mtoto wa Krupa aliyeko ng'ambo, ndiye huzileta anapokuja likizo. Zina picha za mazimwi, malango, wachawi na askari, na chini ya kila picha pana sentensi yenye nguvu ya sheria. Vijana huzikusanya na kubadilishana, kisha kila mmoja huunda seti yake nyumbani, akichagua ipi iingie na ipi itoke. Anayekuja na seti iliyoundwa ovyo hushindwa hata kabla ya kuketi.

Alistidia alinieleza kwamba seti ziko za namna nyingi, lakini mbili ndizo zinazotawala pale kwa Krupa. Ya kwanza wanaiita mnyororo. Ina karata ambazo kila moja peke yake ni dhaifu, lakini zikikutana mezani huvutana, na mpinzani huanguka kwa pigo moja. Ya pili wanaiita komeo. Hiyo haina haraka ya kupiga. Humkataza mpinzani jambo moja baada ya jingine: asiweke zaidi ya karata moja kwa zamu, asichote ya ziada, asishambulie, mpaka akae na karata mkononi bila njia ya kuzitumia. Nilimwambia kwamba hiyo ya pili ninaijua, kwa kuwa nimeitumia darasani miaka yote bila karata hata moja.

Siku hiyo alikuwa akicheza na Muksini, muuza vipuri vya pikipiki, kijana aliyemzidi umri kidogo na ambaye ulimi wake haupumziki. Aliponiona alinipa shikamoo na kuniuliza kama nimekuja kuita mahudhurio. Kisha akamgeukia mwanao na kumwambia kwamba watu wa Muleba hufunga milango mapema kwa kuogopa fisi. Alistidia, bila kuinua macho, akamjibu kwamba fisi aliye nje ya mlango hana sababu ya kucheka. Chumba kizima kilipiga makofi. Hata mimi niliinamia kikombe changu.

Lakini alishindwa. Walirudiana, akashindwa tena. Nami, ingawa sikuwa nimeujua mchezo, niliona kitu. Pale kwa Krupa wana desturi waliyoichukua kwetu: kabla ya mchezo huzungushwa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, mkubwa huchukua kwanza, na yule aliyechukua kwanza ndiye anayeanza kucheza. Kwa hiyo Alistidia, aliye mdogo kuliko wote, huanza wa pili siku zote. Alikuwa ameiunda seti yake kwa ajili ya hilo. Alikuwa ameondoa karata zote za kukimbia na kuweka za kustahimili, na alimfunga Muksini vizuri sana. Kisha, akiwa na karata ya mwisho ya kukaza komeo mkononi, hakuiweka. Aliishika na kuishika mpaka mnyororo wa mwenzake ukakamilika.

Tulipokuwa tukirudi Muleba nilimwuliza sababu. Alinijibu kwamba ni vigumu kumfungia njia mtu aliyemzidi umri. Alisema kwamba babu yake, yaani baba yetu, alimfundisha akiwa mdogo kwamba mtoto hakai katika njia anayopita mkubwa. Johnson, nami nilifundishwa hivyo hivyo. Tuliposhuka basi nilimwambia kwamba heshima hukaa katika mikono, magoti na ulimi wake, wala haikai katika kushindwa. Nilimwambia kwamba anayemwachia mkubwa ushindi anamtendea kama mtoto mchanga anayeachiwa kijiko ili asilie.

Jioni ile nilimsomea ujumbe wako, wote, jinsi ulivyokuwa. Hakulia. Aliuliza tu kama moto ungewashwa kesho. Nilimjibu kwamba mwishoni mwa Julai pale kwa Krupa patakuwa na mashindano ya kumpata mmoja atakayeiwakilisha Bukoba huko Dar es Salaam. Akishinda yote, mimi mwenyewe nitasimama mbele yako kwa niaba yake. Akishindwa mchezo hata mmoja, nitazichoma kama ulivyoagiza, naye atapanda meli. Aliniuliza kama natania. Nilimwuliza ni lini aliwahi kunisikia nikitania. Akakubali.

Tangu hapo veranda yetu iligeuka darasa, na mwalimu alikuwa yeye. Tuliambua maharage, tukapindua kahawa juani, kisha tukatandika mkeka. Alinifundisha ili apate mtu wa kufanyia mazoezi. Ni mwalimu mkali. Nilipoweka karata kwa haraka aliniambia niisome tena sentensi yake yote, na nilipoisoma nusu alinirudisha mwanzo, na sauti ilikuwa yangu kabisa. Jirani yetu alipopita alituuliza kama tunapiga ramli. Nilimwambia aketi au aendelee na safari.

Nikaona jinsi anavyojenga. Hutandaza karata zote sakafuni, huitoa moja, huiweka nyingine, huzichanganya, hucheza peke yake mkono kwa mkono, kisha huitoa tena ile aliyoiweka. Ipo karata moja ambayo Muksini alimpa bure kwa dharau, akisema ni ya kuegemezea meza inayoyumba. Ina picha ya msafiri mwenye fimbo, nao wanamwita Mgeni. Sentensi yake inasema kwamba nguvu za Mgeni huongezeka kwa kila katazo lililopo mezani, liwe la mchezaji yeyote. Wengine waliisoma wakaitupa, kwa kuwa Mgeni ni ghali kuingia na akiingia hulazimika kungoja zamu nyingine ndipo apige. Alistidia aliisoma siku kadhaa. Mwishowe alimtafutia karata mbili za kumsaidia: Mwenyeji, anayemruhusu aingie bure, na Ngoma, inayompa ruhusa ya kupiga papo hapo. Aliuficha mnyororo ndani ya komeo. Sikumsifu. Nilimwambia anyooshe mkeka.

Siku ya mashindano ilifika, na chumba cha nyuma kilijaa hata Krupa akayahamishia majora yake barazani. Alistidia alianza wa pili kila mara, na kila mara alikaza komeo mpaka mwisho. Alimfunga bwana mmoja wa benki mpaka bwana huyo akafungua tai. Alimfunga Safina, dada yake Muksini, aliyesema kwamba ameona milango mingi lakini huu hauna hata tundu la ufunguo. Muksini mwenyewe hakukutana naye. Alitolewa upande wa pili na mchezaji mmoja mtu mzima, mgeni katika mashindano, ambaye mnyororo wa Muksini haukuwahi kumfikia. Muksini aliondoka mezani akisema kwamba amefungiwa nje kama mchelewaji wa shule. Mtu mzima huyo ndiye aliyeketi na mwanao katika mchezo wa mwisho.

Kikapu cha kahawa kilizungushwa. Mtu mzima alichukua kwanza na kuanza. Alicheza komeo, tena komeo gumu kuliko la Alistidia. Alimkataza kuweka zaidi ya karata moja kwa zamu. Alimkataza kuchota ya ziada. Aliwakataza askari wake wote waliokwisha kusimama mezani wasinyanyue mkono. Kila katazo lilipoteremka watu waliguna. Alistidia aliweka Mwenyeji, akiwa hana mgeni wa kumkaribisha. Zamu iliyofuata akaweka Ngoma, pasipo mchezaji. Muksini alinong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka barazani kwamba dada yetu sasa anapamba nyumba ya wafu.

Kisha Alistidia akashika karata moja mkononi, na nikaiona mikono yake ikisita, kama ilivyosita siku ile. Alimtazama mtu mzima aliyekuwa mbele yake. Akainuka kitini, akapiga magoti sakafuni, akaiweka karata ile mezani kwa mikono miwili, kama anavyompa mkubwa maji ya kunywa. Alikuwa Mgeni. Mwenyeji akamkaribisha bure, Ngoma ikamruhusu kupiga, na makatazo yote yaliyokuwa mezani, moja baada ya moja, yakageuka nguvu zake. Kadiri mpinzani alivyofunga, ndivyo alivyomnenepesha. Mchezo ukaisha kwa pigo hilo moja.

Johnson, magoti yale yalipigwa mbele yangu.

Mtu mzima yule nilikuwa mimi. Nilijiandikisha kwa Krupa kwa siri, nikaazima karata kwake, naye akaitunza siri hiyo kwa furaha ya msichana. Mwanao alijua siku ile ile tu, nilipoitwa mezani kwa mchezo wangu wa kwanza. Nilifanya hivyo kwa sababu nilikuwa nimebeba agizo lako, na agizo la baba halistahili kushindwa na watu wa mitaani. Lilistahili kutetewa na mtu anayeujua mkono wa mtoto, anayejua siri ya seti yake, na ambaye mtoto huyo angeona vigumu kuliko wote kumfungia njia. Sikumhurumia. Kwa siku zote za mazoezi nilikuwa nimemwona Mgeni, nikadhani kwamba nikimzuia kuchota hatampata. Kumbe alikuwa naye mkononi tangu mwanzo, akingoja nimalize kukataza.

Nimewahi kupewa zawadi na wakaguzi, na wanafunzi wangu wengine ni watu wakubwa leo. Siku zote hizo sikusikia moyoni nilichokisikia niliposhindwa na mtoto huyu aliyepiga magoti. Agizo lako nililibeba mpaka mwisho wa nguvu zangu, na limeshindwa kwa haki. Karata hazikuchomwa. Moto niliouwasha jioni ile ulikuwa wa kupikia ndizi na samaki wa kisiwa cha Bumbire, na Krupa alikuja kula nasi, ingawa samaki hakumgusa.

Sasa sikiliza. Atapanda meli kweli, lakini atakuwa njiani kwenda Dar es Salaam, na Krupa atafuatana naye. Watafikia kwako. Mpokee kama baba, na mpe baraka yako kwa mdomo, si kwa simu. Kisha tandika mkeka, umwombe akufundishe. Nimemfungia kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo kwa ajili yenu. Chukua wewe kwanza na uanze wewe, kwa kuwa wewe ndiye mkubwa. Usije ukafikiri kwamba hilo litakusaidia.

Msalimu Joanitha, umwambie mgongo haupendi magodoro laini. Wabusu wadogo, na uwaambie kwamba shangazi yao anazisubiri barua zao, zilizoandikwa kwa maneno kamili. Majirani wote wa hapa wanakusalimu, pamoja na yule aliyedhani tunapiga ramli, ambaye sasa huja na mkeka wake mwenyewe.

Ni mimi dada yako, niliyeshindwa na mwanao,

Anatolia Byabato