Nani Anayelitaka Jina la Muhogo

Francistown, Botswana
Jumapili asubuhi, mwezi wa sita

Mdogo wangu mpenzi Zuhura,

Marahaba. Shikamoo yako imenifikia kwenye ule ujumbe wa sauti, na nyuma ya sauti yako nikasikia basi likipiga honi na wauza mahindi ya kuchoma wakilikimbilia, nikajua umesimama kando ya barabara hapo Mkata. Hujambo? Shemeji Bakari kifua kimempoa? Mama anaamkaje siku hizi, na mguu wake bado unavimba jioni? Mvua zilivyokatika mapema, kuna mlichovuna, au mahindi yalikaukia kwenye mabua kama ya majirani zenu wa Kabuku?

Mimi ni mzima, alhamdulillah, ila baridi ya huku haina huruma na magoti ya mzee. Asubuhi maji ya bombani yanauma vidole. Shule imeniongezea mkataba wa mwaka mmoja wa kufundisha hisabati. Nilidhani watanistaafisha, lakini wamekosa mtu, nami nimekubali. Watanzania tuliokuja huku kufundisha tumebaki wachache, na siku nyingine inapita nzima sijasema neno la Kiswahili isipokuwa ninapoomba dua, na hapo huwa nachanganya na Kiarabu.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu kwa sababu jambo la lile jina linataka kuelezwa polepole, na wewe na mimi kwenye simu huwa tunasema kwa pamoja. Nianze mwanzo, ili ukiwasomea wenzako wa kikundi chenu cha kusindika muhogo asiachwe mtu.

Nilipokuja likizo niliwaandikishia jina la mtandaoni. Ni neno moja tu, muhogo, na nyuma yake ule mkia unaoonyesha kwamba ni la Tanzania. Nia yangu ilikuwa ndogo: mtu anayetafuta makopa, ule muhogo mkavu, au unga wenu apate pa kuwaona. Sasa dalali mmoja wa Dar es Salaam ameniandikia, na wewe amekupigia, kwamba kuna mtu anataka kulinunua. Bei anayoitaja inatosha kununua ile mashine ya kuparaza muhogo mnayoitamani, ili muache kuchubuka vidole. Lakini mnunuzi mwenyewe hataki ajulikane.

Wenzako wanauliza neno la kila siku linakuwaje na bei. Waeleze hivi. Jina la duka lako analijua anayekujua wewe. Neno muhogo analijua kila anayekula muhogo. Mtu aliye mbali, asiyejua kama kuna Mkata duniani, akiandika neno hilo kwenye simu yake anaweza kufika mlangoni kwenu bila kumuuliza mtu njia. Na jina hilo ni moja tu. Aliyeliandikisha kwanza ndiye mwenye nalo, mradi alipie ada kila mwaka, kwa hiyo anayelitaka hana pa kwenda ila kwenu.

Na kwa nini ajifiche? Hili unalijua hata bila mtandao. Tajiri akitaka kiwanja cha barabarani hapo Mkata, haji na gari lake. Humtuma mtu wa kawaida aliyevaa ndala, aulizie kama mwenye shida ya kujenga kibanda. Akionekana mwenyewe, bei inapanda kabla hajashuka garini. Dalali huyu ndiye yule mtu wa ndala.

Tangu hapo sisi sote tumekuwa wapiga ramli. Shemeji anasema ni watu wa pombe, kwa kuwa siku hizi wanapika bia ya muhogo, na amekwisha apa kwamba kama ni hao yeye hashiki hata senti. Mwalimu mwenzangu Banda, Mzambia tunayekaa naye meza moja, anasema ni mlanguzi tu atakayelificha jina mpaka lipande bei. Mimi nilisema ni kiwanda cha wanga. Nimetazama baadaye nikaona kila mmoja amemtaja mtu anayemfikiria siku zote: shemeji anaogopa haramu, Banda aliwahi kudhulumiwa kiwanja, na mimi tangu ujana naota kiwanda Handeni.

Dalali alinisimulia ulivyomjibu, nikacheka mpaka nikakohoa. Anasema ulimwambia, "Mnunuzi aje tumtembeze mpakani mbele ya majirani, kama watu wanavyouziana shamba." Akakwambia, "Mama, kitu hiki hakina mpaka." Ukamwambia, "Kama hakina mpaka, wewe unanunua nini?" Bwana huyo tangu siku hiyo ananipigia mimi tu. Anasema, "Dada yako ni mkali."

Lakini kicheko kilikwisha uliponiambia kwamba mama naye amekisia mnunuzi wake, na anayemkisia ni Hamza.

Nilikaa na hilo siku kadhaa. Wewe ulikuwa bado shuleni ndugu yetu Hamza alipopanda gari hapo Mkata akasema anakwenda Mbeya kutafuta biashara, asirudi wala kuandika. Nilipangilia hoja zangu kama ninavyompangilia mwanafunzi. Kwanza, Hamza hakuwa mtu wa kupitia kwa dalali. Pili, angekuwa na fedha za namna hiyo tungesikia, habari za mtu mwenye fedha husafiri. Nikampigia mama nikiwa nimejiandaa.

"Athumani," akanianza yeye, "nasikia unataka kumuuzia mdogo wako."

"Mama, hatujui kama ni yeye."

"Sasa nani mwingine atuonee haya? Mgeni atatuonea haya ya nini? Anayeficha uso ni yule aliyeondoka vibaya. Mpeni bure. Mimi siuzi kitu kwa mwanangu."

Nikamweleza yote, habari ya tajiri na mtu wa ndala, na hoja zangu moja baada ya nyingine. Nilipokwisha akauliza, "Umemaliza, mwalimu?"

"Nimemaliza, mama."

"Na picha yangu itakwenda wapi?"

"Picha gani?"

"Ile uliyonipiga uani nikimenya muhogo. Zuhura alinionyesha. Mtu akiandika muhogo, natokea mimi."

Ni kweli, Zuhura. Niliiweka kwenye ukurasa wenu kwa kukosa nyingine, na chini yake namba yako ya simu. Mimi nilikwisha kuisahau.

Mama akaendelea, "Hamza huko aliko jina langu hataliandika, ataona aibu. Namba ya Zuhura hana. Lakini muhogo ataandika tu siku moja. Mtu wa huku akikaa ugenini ataukumbuka, atataka kujua unapatikana wapi. Wewe huko huutamani?"

Nikasema nautamani. Kisha nikamuuliza habari za mguu.

Nadhani sasa unaona jambo lilipo. Sidhani kama mama anaamini sana kwamba mnunuzi ni Hamza. Akiwa ni Hamza, vizuri. Asipokuwa yeye, basi jina lisiondoke, kwa kuwa likiondoka, na picha yake mama inaondoka pale ambapo mwanawe angeweza kumwona. Wakati huohuo wenzako wanaparaza kwa mkono, na Mama Saidi vidole vyake nimeviona. Siwezi kuwaambia wasubiri kwa ajili ya mtu ambaye hatujui kama yu hai.

Nikampigia dalali. Nikamwambia tutauza, kwa sharti moja: picha ya mama na namba ya simu vibaki kwenye ukurasa, hata pale chini kabisa, muda wote mnunuzi atakapokuwa na jina hilo.

"Mzee," akaniambia, "mteja wangu ananunua jina, hanunui picha ya bibi."

"Basi kamuulize."

"Nitamuuliza, lakini atanicheka."

Hakucheka. Juzi dalali amenipigia, sauti yake imebadilika. Mteja anauliza huyo bibi ni nani. Ni mtu maarufu? Kuna kampuni iliyokwisha kuitumia sura yake? Kuna kesi? Nilikuwa jikoni nachemsha chai, nikakaa kwenye kiti. Mtu tuliyemkisia sisi mwezi mzima, sasa naye halali usingizi, anamkisia mama yetu.

Nimemwambia dalali nitamjibu baada ya kuuliza nyumbani, kwa sababu naona njia mbili na sitaki kuchagua peke yangu. Tukisema kweli, kwamba ni mama anayemsubiri mwanawe, mnunuzi anaweza kukubali mara moja, kwani kumwacha bibi chini ya ukurasa hakumgharimu kitu. Anaweza pia kuona tumelegea, akashusha bei. Tukinyamaza, hofu yake itamfanya ama apandishe ama akimbie. Kwa hesabu tupu ningesema kweli. Lakini habari za Hamza si zangu kumpa mtu nisiyemjua. Ni za mama. Miaka yote hii hajamruhusu mtu kumtaja Hamza mbele ya wageni, na mimi sitakuwa wa kwanza.

Kwa hiyo nenda kwake siku asiyoumwa, mkiwa wawili. Muulize neno hili tu: je, Athumani amweleze mnunuzi kwamba unamsubiri Hamza? Akikubali, nitamwandikia dalali siku hiyohiyo, na mnunuzi akikubali sharti, mtauza na mtanunua mashine. Akikataa mama, jina libaki kwenu, na uwaambie wenzako kwamba mashine tutaitafuta polepole, mshahara wangu wa mwaka huu ukisaidia. Siwaahidi kwa furaha, nawaahidi kwa kuwa nimeona hakuna njia nyingine ya haki.

Nisalimie shemeji, na umwambie kama ni watu wa pombe nitakuwa wa pili kuapa baada yake. Msalimie binti yako anayesoma Korogwe, akaze hisabati. Mjomba wetu wa Kerenge mpe salamu za mpwa wake, mwambie tangawizi yake aliyonifungia iliisha zamani. Kina mama wa kikundi wote, na hasa Mama Saidi ambaye nasikia amekwisha fagia pa kuweka mashine, waambie nawaheshimu na nawaomba subira.

Na mama, mbusu mkono kwa niaba yangu. Akinyamaza baada ya kuulizwa, usimharakishe. Dalali nimemwambia asubiri.

Ni mimi kaka yako,
Athumani