Shangazi Amevuka Bila Kubebwa

Bandar Abbas,
18 Shaabani

Mpendwa binamu Shanbe,

Salamu tele kutoka kwangu mimi, muuza sambusa wa gatini. U hali gani huko Kuwait? Mgongo umepona? Sisi wazima, ila mie nimenenepa. Sambusa zisizonunuliwa hazitupwi.

Sasa la arusi ya dadako Golnar. Wakwe wa kisiwani Hormuzi waling'ang'ania nusu ya Shaabani, siku ya baraka. Sawa, lakini mwezi mpevu ni bamvua, maji hupwa mno! Jioni wageni wanapovuka, maji yamekupwa, boti iko chini ya gati kama ndoo kisimani. Wenye miguu wanashuka ngazi. Shangazi, mama yako, na kiti chake cha magurudumu je? Makuli hubeba watu mgongoni, naye hataki. Kasema, "Nilibebwa nilipozaliwa, nitabebwa kwenye jeneza. Hapa katikati niacheni." Tukajua Golnar ataolewa mama hayupo.

Udadisi ukanishika. Kila nikiuza nachungulia ukuta wa gati, maji yamefika wapi? Kumbe bamvua linavyokupwa sana ndivyo linavyojaa sana, na kujaa kwake ni kabla ya adhuhuri! Hapo boti iko sawa na gati, ubao wa kupandia umelala kama mkeka. Mbona miaka yote hatukuona?

Basi siku ya arusi asubuhi mama yako akapanda mwenyewe, vigelegele juu. Taabu ikawa Nahodha Moradi, haondoki mpaka boti ijae watu, na maji yameanza kurudi. Nikamwambia tukichelewa, gati la Hormuzi litakuwa juu ya vichwa vyetu. Kanijibu, "Kambari, mimi nabeba abiria, sibebi nasaha." Nikatoka nikanadi: anayevuka sasa anakula sambusa bure. Boti ikajaa mpaka wasio na safari.

Hormuzi ubao ulikuwa umeshainuka kidogo. Nikataka kumsukuma mama yako, akanipiga kofi mkononi. Akasukuma magurudumu, taratibu, mpaka juu. Golnar, aliyetangulia kuvuka, kasimama pale, hina bado mbichi, hawezi kushika mtu. Mama yako ndiye aliyemkumbatia.

Mzee mmoja wa magongo kaniuliza, na mwenye safari ya jioni je? Nikamtajia nahodha: Ubao mrefu zaidi? Jukwaa linaloelea? Nahodha anakuna kidevu tu.

Nisalimie shemeji Khodadadi unayekaa naye, na watoto wake. Golnar anakusalimu. Mama yako anakuombea dua, na anasema ukioa wewe, tarehe ataipanga yeye, akishatazama maji.

Mungu akulinde ugenini.

Nduguyo akupendaye,
Kambari