Waliochonga Ngazi za Ubalozi

Kaka yangu mpenzi,

Huku hatujambo, ila Baba haoni kabisa sasa. Nami nimeachishwa kazi pale ubalozini, na bado nina hasira.

Juzi balozi alizindua kitabu cha historia ya jengo lao. Kinazisifu zile ngazi za mawe zinazopanda kwa kujizungusha bila nguzo hata moja, kisha kinasema zilichongwa na mafundi waliotoka kwao. Kwao wapi? Baba alizichonga miaka miwili, na kipande cha jiwe kilichoruka pale ndicho kilichomharibia jicho la kwanza!

Nikasimama mbele ya wageni. "Mheshimiwa, huo ni uongo. Fundi ni baba yangu."

"Dada, kitabu kimeshachapwa," akanijibu, watu wakacheka. Kesho yake nikapewa barua ya kuachishwa kazi.

Baba hajui kilichoandikwa. Nilipofika na kitabu aliniuliza, "Wameniandikaje?" Nikafungua ukurasa ule, nikamsomea jina lake na la babu. Akasema, "Rudia." Nikarudia mara tatu.

Ukija atakuomba umsomee. Nakusihi kaka, soma kama nilivyosoma mimi.

Ni mimi mdogo wako, kitinda mimba.