Baba, Niliisoma Karatasi ya Haramia

Baba,

Leo umetimiza arubaini. Waliokuja kukusomea hitima wamekwenda zao, majamvi nimeyakunja, na nimekaa kitandani kwako kukuandikia yale nisiyoweza kuyasema mbele ya watu. Majirani walikusifu kwa subira. Walisema umekufa ukiwa umetulia, mikononi mwa binti mwema. Niliwasikiliza nikiwapakulia pilau.

Unakumbuka karatasi ile ilivyoingia nyumbani. Rafiki yako Athmani, fundi wa kuchonga milango, alikuletea akisema ameitoa chini ya sanduku la kale alilokuwa akilitengeneza. Ilikuwa na rangi ya chai, imejaa vijisanduku, pembe na nukta. Wewe ulikuwa karani wa bandari, mtu wa kusoma, na ulishasikia habari za yule haramia wa Kizungu aliyewarushia watu karatasi ya siri alipokuwa akipelekwa kunyongwa, akasema hazina yake ni ya atakayeweza kuisoma. Siku ileile ukaamua kwamba kipande cha karatasi hiyo kimefika Mombasa, kimefika kwako. Nilikuwa na miaka kumi.

Ulianza na kamusi ya Kifaransa, ukaenda kwenye Kireno. Kisha ukaona pembe mbili za karatasi zinafanana na pembe za jiko letu, ukachimba mpaka ukuta ukapasuka. Miezi saba Mama alipika uani juu ya matofali, mvua ikimnyea. Halafu akafunga nguo zake akavuka kwenda Likoni kwa kakake. Hukumfuata. Uliniambia, "Atarudi tukishaipata." Macho yako yalipoanza kuingia ukungu, ukanitoa shule kidato cha tatu ili niwe nakusomea alama.

Akaja yule kijana wa reli na wazee wake. Ukawaambia wangoje, binti yako haolewi kabla karatasi haijafunguka. Walingoja miaka miwili. Harusi yake ilipopita mtaani kwetu nilikuwa dirishani, nakunakilia mstari wa tatu kwa herufi kubwa.

Sasa sikiliza, Baba. Karatasi ile niliifungua miaka mitatu kabla hujafa.

Ilikuwa asubuhi, wewe umekwenda sokoni. Nilitambua kwamba kila neno linaishia kwa mojawapo ya alama tano tu. Nikajiuliza ni lugha gani ambayo maneno yake yote huishia kwa a, e, i, o au u. Hukuwahi kuijaribu, kwa kuwa hukuamini haramia Mzungu angeandika Kiswahili. Nilimaliza kabla chai haijapoa. Ilisema:

"Jamali ndugu yangu, ukiyasoma haya njoo nikucheke. Hujui bao, hujui kuimba, na kofia yako imekaa upande. Mimi Athmani."

Nilikwenda kwenye karakana yake nikamwekea mbele. Hakukana. Alisema aliiloweka karatasi kwenye chai ya rangi akaianika darini, akidhani utaisoma kwa wiki moja mcheke pamoja. Kesho yake ulikwenda kwake unatetemeka kwa furaha, unamtaja haramia, akashindwa kukuambia. Baada ya mwezi akaona aibu. Baada ya mwaka akaogopa. Aliniomba nisikuambie, akilia mbele ya mafundi wake.

Sikukuambia. Lakini si kwa ajili yake.

Ulipokuja na kapu lako ukaniuliza kama kawaida, "Umefika wapi, mwanangu?" nilikutazama, nikamkumbuka Mama na moshi wake uani. Nikasema, "Bado, Baba." Nililisema neno hilo miaka mitatu, na kila nilipolisema nilisikia raha. Mwaka huu nikazidisha. Nilikuambia nimeona neno la dhahabu, na alama inayoonyesha stoo. Ulikuwa na kifua tayari. Ulichimba siku kumi na moja katika vumbi la chokaa, na mimi nilikuwa mlangoni, nimekaa kwenye kiti, nakutazama. Uliponiomba maji nilikuletea. Sikusema acha.

Ulipolala kitandani usiweze kuinuka, adhuhuri moja ukaniuliza tena nimefika wapi. Nilikuwa nimechoka. Nikaichukua karatasi nikakusomea, neno kwa neno, kwa sauti ya darasani.

Ukasema, "Nisomee tena."

Nikasoma tena. Ukavua kofia ukaiweka kifuani. Ukaniuliza nilijua lini, nikakuambia. Ukageukia ukutani. Siku nne nilikulisha uji, nilikuogesha, nilikubadilisha shuka, hukunitupia neno wala jicho. Nilidhani nitafurahi, Baba. Siku ya tatu nilipiga magoti nikakuita, nikakuomba radhi. Mgongo wako ulikuwa unapanda na kushuka, basi.

Athmani alibeba jeneza lako mpaka makaburini, hakukubali kupokewa. Leo alisubiri wenzake watoke, akanifuata jikoni akaniuliza kama ulijua. Ningeweza kumwambia hapana. Ni mzee, na hana rafiki mwingine. Nikamwambia, "Alijua. Na hakukutaja." Aliondoka bila viatu, jirani akamkimbilia navyo barabarani.

Mama yuko edani Likoni. Ameniletea salamu kwamba amekusamehe jiko na miaka yote, maana amesikia ulivyotunzwa mwishoni. Ananiita mtoto wa peponi. Anawaambia wanaokwenda kumpa pole kwamba Mungu alimnyima mume akampa binti.

Basi pumzika, Baba. Sikuombi radhi, maana nilikuomba ukiwa hai ukaninyima, na hilo ulikuwa na haki nalo. Ninakuahidi jambo moja. Kesho asubuhi navuka Feri, nitakaa chini mbele ya Mama na nitamweleza yote. Sitaanza na Athmani, wala sitaanza na wewe. Nitaanza na stoo, na siku kumi na moja nilizokaa mlangoni. Akitaka kunifukuza nitatoka. Akitaka kulia nitakaa naye mpaka amalize, hata akinipa mgongo.

Binti yako,
Zuhura